Kurahisisha sini na kosini bila kukariri kurasa nzima

Wanafunzi wa kidato cha tano ninaowafundisha tuisheni huja na karatasi iliyojaa kanuni za trigonometria, nyingine zimepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Swali likigeuzwa kidogo tu, wamekwama. Nawaambia wabaki na moja: sin²A + cos²A = 1, ambayo ni Pythagoras yuleyule wa pembetatu mraba. Igawe yote kwa cos²A, unapata tan²A + 1 = sec²A (tan ni sin/cos, sec ni 1/cos). Igawe kwa sin²A, inatoka ya cot (cos/sin) na cosec (1/sin). Zitoe pembeni mwa karatasi ya mtihani, ni kazi ya nusu dakika.

Kisha litazame swali kabla hujaandika chochote. Chukua hili:

sin A/(1 + cos A) + (1 + cos A)/sin A

Hapa wengi huanza kusaka kanuni, ilhali mbele yao kuna sehemu mbili zenye asili (namba ya chini) tofauti, hesabu ya shule ya msingi kabisa. Asili ya pamoja ni sin A(1 + cos A), na juu unapata sin²A + (1 + cos A)². Fungua mabano: sin²A + 1 + 2cos A + cos²A. Hapa ndipo panapotaka jicho. sin²A iko mwanzo, cos²A iko mwisho, na kwa kuwa hazijakaa jirani watu huzipita. Zijumlishe ziwe 1. Juu inabaki 2 + 2cos A, yaani 2(1 + cos A). Mabano yanakatana na ya chini. Jibu ni 2/sin A.

Angalia, tumekata kilichozidishwa. Anayekata sin A iliyojumlishwa na kitu kingine anajitafutia sifuri.

Ukikuta 1 − sin A peke yake chini, zidisha juu na chini kwa 1 + sin A. Chini itageuka cos²A.

Ukimaliza, pima kwa pembe moja. Isiwe 45°, maana pale sini na kosini ni sawa, hata ukizibadilisha hutajua. Wala isiwe 90°, inafuta kosini zote. Mimi hutumia 20°: swali letu linatoa 0.18 + 5.67, yaani 5.85, na 2 ÷ 0.342 ni 5.85 vilevile. Zisipolingana, pima kila mstari kwa pembe hiyohiyo hadi uone namba ilipobadilikia. Mara nyingi utakuta ni alama ya kutoa iliyokaa mbele ya mabano.