Upanga umelaaniwa na nani?

SWALI: Natafsiri ngano za Kijapani kwa ajili ya vijana wanaopenda katuni za huko. Mara kwa mara hutokea upanga ambao anayeushika humwaga damu hata kama hakukusudia. Niliandika "upanga uliolaaniwa", mhariri akafuta akaweka "upanga wa nuksi", na mwenzangu anasema yote mawili siyo. Nani kati yetu yuko sahihi? Halafu wingi wake ni "panga" au "mapanga"? – Msomaji, Tanga

JIBU: Mwenzako huyo mnunulie kahawa.

Kulaani ni tendo lenye mwenyewe. Lazima awepo aliyelaani, naye awe na mamlaka au machungu ya kulipa neno lake nguvu: Mungu, mzazi, mzee, mtu aliyedhulumiwa. Katika Biblia ya Kiswahili Adamu anaambiwa "ardhi imelaaniwa kwa ajili yako", na Petro anamwambia Yesu "mtini ulioulaani umenyauka". Mlaani tunamjua na kosa tunalijua. Ndiyo maana mtu akisema "yule kalaaniwa", msikilizaji huuliza papo hapo: kamkosea nani?

Sasa uulize swali hilo kuhusu panga za Muramasa, maana bila shaka ndizo ulizokutana nazo. Muramasa lilikuwa jina la wahunzi wa Kuwana, katika jimbo la Ise, lililorithiwa kwa vizazi kadhaa. Upanga wao wa zamani zaidi wenye tarehe ni wa mwaka 1501. Ukoo wa Tokugawa, uliokuja kuitawala Japani kuanzia 1603, unasimuliwa kuwa uliteswa na panga hizo. Babu yake Tokugawa Ieyasu, Matsudaira Kiyoyasu, aliuawa na mtu wake mwenyewe mwaka 1535, na masimulizi yanasema silaha ilikuwa ya Muramasa. Baba yake naye akajeruhiwa na nyingine. Mwaka 1579 mwanawe Ieyasu, Nobuyasu, alipolazimishwa kujiua, upanga uliomkata shingo ukasemekana kuwa wa mkono uleule. Ieyasu mwenyewe hadithi haikumwacha: inasemekana alijikata kwa mkuki wa Muramasa aliokuwa akiukagua.

Nani amelaani hapo? Hakuna. Mhunzi kafua chuma chake kauza. Ukiandika "uliolaaniwa", msomaji wako atafungua kurasa akimtafuta mlaani asimwone.

Kwa mkasa huu basi mhariri wako yuko karibu zaidi. Nuksi haihitaji mtu wa kuitamka. Nyumba huwa na nuksi, siku huwa na nuksi, chombo cha baharini huwa na nuksi, na hakuna anayeuliza ilitoka wapi. Tena nuksi huchagua: nyumba iliyomfilisi fulani, mwingine hukaa akatajirika. Ndivyo ilivyo kwa Muramasa, ambaye balaa lake lilikuwa kwa ukoo mmoja tu. Mwaka 1868, jeshi la mfalme lilipokwenda kuuangusha utawala wa Tokugawa, wapinzani wa ukoo huo walikuwa wakizitafuta panga hizo kwa hamu. Kwao zilikuwa heri. Neno "laana" lisingestahimili mgeuko huo. "Nuksi kwa akina Tokugawa" linastahimili vizuri. Ila kisirani usikitie hapo. Kisirani ni cha mtu aliyeamka vibaya akakuharibia asubuhi yako.

(Kama unataka ukweli wenyewe, nuksi hiyo ina maelezo ya kawaida kabisa. Kuwana iko ng'ambo ya ghuba tu kutoka Mikawa, kwao akina Tokugawa, na askari wengi wa Mikawa walinunua silaha huko. Walinzi wote wakivaa panga za mhunzi mmoja, siku akizuka msaliti miongoni mwao atakuwa ameshika upanga wa nani? Ieyasu mwenyewe alikuwa na wa Muramasa, na ukoo wake ukautunza baada yake.)

Lakini swali lako linasema mshikaji humwaga damu hata kama hakukusudia. Hapo nuksi nayo inapwaya, na ndipo mwenzako anapopata haki yake. Wajapani huuita upanga wa namna hiyo *yōtō*. Sehemu ya pili ya neno ni upanga. Ya kwanza ndiyo ile iliyomo katika *yōkai*, jina lao la mizuka, mazimwi na viumbe vingine vya kutisha. Haina laana ndani yake. Ina ule uzuri wa kutia hofu, wa kitu kinachokuita huku moyo unakukataza. Mwaka 1888 ulichezwa jukwaani mchezo wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, ambamo mfanyabiashara mmoja, aliyeaibishwa na kahaba aliyempenda mbele ya watu, anarudi miezi kadhaa baadaye na kumuua kwa upanga wa Muramasa. Akishamaliza, hatetemeki wala halii. Anaukodolea macho upanga na kusifu jinsi unavyokata. Mtu huyo sisi tungesema kapandwa, kapagawa. Kwa hiyo andika "upanga wenye pepo", au ukitaka kitenzi kifanye kazi, "upanga unaopagawisha". Kijana wa Tanga hahitaji maelezo ya chini ya ukurasa kuelewa hivyo.

Lipo neno la tatu ambalo utalihitaji ukifika kwenye ngano za kale zaidi, nami nalipenda kuliko yote. Upanga mtakatifu uitwao Kusanagi, unaosimuliwa kuwa ulitoka katika mkia wa joka lenye vichwa vinane, uliwahi kuwekwa katika jumba la mfalme. Mwaka 686 mfalme Tenmu akaugua. Waaguzi wakasema maradhi yanatoka kwenye upanga huo, ukarudishwa mara moja kwenye hekalu la Atsuta. Kijapani husema *tatari*: kitu kitakatifu kimekerwa, kinalipiza. Wafasiri wengi hapa huandika "laana" kwa uvivu. Kiswahili kina kupatiliza, neno lile la Amri Kumi, "nawapatiliza wana maovu ya baba zao". Upanga ulimpatiliza mfalme. Patilizo la upanga. Tunalo, limelala kamusini, tuliamshe.

Laana yenyewe iweke kwa ajili ya *noroi*, pale mtu anapomwapiza mwenzake kwa makusudi. Zimo nyingi katika ngano zao, utaitumia tu.

Kuhusu wingi: upanga mmoja, panga mbili. "Mapanga" ni wingi wa panga, lile la kufyekea. Ukiandika "mapanga ya Muramasa" nitawaona mashujaa wako wakielekea shambani. Utata unabaki kwa neno "panga" lenyewe, lakini upatanisho unaumaliza: panga lile ni la kufyekea, panga zile ni silaha. Kama huo wa kwenye hadithi yako umepinda kidogo na una makali upande mmoja, kama zilivyo nyingi za Kijapani, unaweza pia kuuita kitara. Na "katana" yao ukiiacha kama ilivyo sitakulaumu, maana sikio la Mswahili linasikia humo watu wakikatana. Ni sadfa tupu, lakini mfasiri hatupi sadfa nzuri.

Moja hukuniuliza. Upanga hautolewi kwenye "kava". Huchomolewa alani, na kwa ule wenye pepo, ndugu yangu, kazi ni kuurudisha.