Binti yangu hataki kushindana, ni homoni au malezi?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina mapacha wa miaka 11, wa kike na wa kiume. Wa kiume kila kitu kwake ni mashindano, wa kike darasani yuko vizuri tu ila mashindano ya hesabu ya shule amegoma kabisa kuingia. Mwalimu wao kaniambia nisihangaike, eti wasichana ndo walivyoumbwa, ni homoni. Ni kweli?

JIBU: Marahaba dada. Homoni zipo na zinafanya kazi, hilo nisikufiche. Mwanao wa kiume akibalehe testosteroni itamuongezea misuli na sauti itakuwa nzito, hapo malezi hayana lao. Hata kwenye tabia zinagusa, maana kuna watoto wa kike wanazaliwa na tatizo la tezi za juu ya figo, tangu wakiwa tumboni wanapata homoni za kiume nyingi, na wakianza kucheza wengi wao wanapenda magari na michezo ya kiume kuliko dada zao waliolelewa nyumba hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema kila kitu ni malezi nae anakosea.

Ila kwenye kushindana mwalimu amekimbilia jibu. Mwaka 2009 Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walichapisha utafiti walioufanya kwa Wamasai hapahapa Tanzania na kwa Wakhasi wa Meghalaya, India, ambako mtoto ni wa ukoo wa mama na mali ya familia anarithi binti wa mwisho. Watu walipewa mipira ya tenisi warushe kwenye ndoo iliyo mita 3, mara 10, na kabla ya kurusha unachagua mwenyewe: ulipwe kwa kila mpira unaoingia, au upambanishwe na mtu usiemjua, ukimzidi unalipwa mara 3 ukizidiwa unatoka mikono mitupu. Kwa Wamasai waliochagua kupambana ni 50% ya wanaume na 26% tu ya wanawake. Kwa Wakhasi ikageuka, wanawake 54%, wanaume 39%. Sasa kama ni homoni peke yake, mbona wanawake wa Kikhasi wana homoni zilezile?

Na hapa ndo pananigusa kwa ajili ya binti yako. Mwaka 2013 ikatoka kazi nyingine ya watoto wa miaka 7 hadi 15, na kwenye jamii ya mfumo dume wasichana walianza kurudi nyuma karibu na balehe, kabla ya hapo walikuwa sawa na wavulana, wakati kwenye jamii ya upande wa mama hawakurudi nyuma umri wowote, na wao pia wanabalehe kama kawaida. Mwanao ana miaka 11 dada, yani yuko mlangoni kabisa.

Tafiti hizi haziwezi kukuambia kwa nini yeye binafsi amegoma, kwa hiyo muulize, mkiwa wawili tu, kaka yake asiwepo. Labda anaogopa kuitwa jike dume, labda kaka akifanya mazoezi ya hesabu yeye anaitwa jikoni, hilo nakuomba uliangalie kwa ukweli. Usimlazimishe, ila mwambie mwalimu asiyarudie yale maneno mbele yake, na muhula ujao fomu wapewe wote wawili bila mtu kumjibia.