Penseli yako inamchora nani?

Kwa miaka mingi nilitafuta sifa moja tu: "Lo, kama picha!" Nilichora nyuso kwa penseli, kinyweleo kwa kinyweleo, hadi ule unyevu mdogo kwenye pembe ya jicho. Uso mmoja wa bibi kizee ulinichukua wiki sita. Watu waliusogelea, wakashangaa, wakaenda zao. Mchoraji mmoja mzee ndiye aliyekaa mbele yake kimya, kisha akaniuliza: "Huyu ni nani wako?"

Sikuwa na jibu. Uso ule niliuokota mtandaoni kwa sababu makunyanzi yake yalikuwa magumu kuchora.

Swali hilo liliniingia sana, nikakimbilia upande wa pili: ufundi si kitu, wazo ndilo sanaa. Nikatundika mashati ya marehemu baba ukumbini na kubandika ukurasa mzima wa maelezo ukutani. Watu wakasoma ukurasa, mashati wakayapita. Nilikuwa nimeyafua na kuyapiga pasi. Lile doa la jasho kwenye kola, ambalo ndilo lililokuwa baba mwenyewe, nililitoa kwa mikono yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Felix Gonzalez-Torres, msanii wa Marekani. Mwaka 1991 alirundika pipi zenye karatasi za rangi pembeni mwa chumba, kiasi cha kilo 79, kama uzito wa mwili wa mtu mzima, kwa ajili ya mpenzi wake Ross aliyefariki kwa UKIMWI mwaka huohuo. Mtazamaji anaruhusiwa kuchukua pipi, na rundo linapungua kama mwili wa mgonjwa. Hakuchora wala hakuchonga, lakini uzito umepimwa. Kupima huko nako ni ufundi, na mimi na pasi yangu sikuwa nao.

Naye Käthe Kollwitz, mchoraji na mchongaji wa Kijerumani ambaye mkono wake ulikuwa hodari tangu ujana, alifiwa na mwanawe Peter vitani mwaka 1914. Sanamu za wazazi wanaoomboleza alizikamilisha 1932. Baba na mama wamepiga magoti, kila mmoja na jiwe lake, hawagusani. Nafasi ile tupu kati yao ndiyo inayonikaba koo.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kushika penseli andika sentensi moja: namchora nani, na kwa nini iwe mimi. Ikikushinda, ahirisha. Ikiandikika, itakuonyesha cha kujifunza. Kama jambo lako liko mikononi mwa mtu, kaa miezi na mikono, macho yatasubiri. Usijifunze kila kitu kwanza ukidhani la kusema litakuja baadaye; mimi nililisubiri miaka, halikuja.

Shati moja la baba lilinusurika, lilikuwa limesahaulika nyuma ya mlango. Siku hizi nachora kola yake. Nimeirudia mara 14, na doa bado halijakaa sawa.