Kabla ya Kununua Regulata ya Mtumba, Mtafute Fundi Kwanza

Kila mwaka masika yanapokaribia na vituo vya uzamiaji vya Nungwi, Matemwe na Mji Mkongwe hapa Zanzibar vikaanza kupunguza safari, hunijia vijana wanaotaka kujinunulia vifaa vyao wenyewe. Wengi wao ni wasaidizi wa boti waliomaliza mafunzo ya awali na wanajiandaa kuwaongoza watalii chini ya maji, na swali lao huwa lile lile: niagize mtandaoni au ninunue hapa hapa? Nimenunua kwa njia zote mbili na nimewasaidia wengine kununua, na ninaloamini ni kwamba swali la bei huja baadaye. La kwanza ni nani atakayekifungua kifaa hicho kitakapohitaji kufanyiwa sevisi, na kama fundi huyo ana spea zake.

Nianze na regulata, kwa kuwa ndiyo inayokupa pumzi kutoka kwenye mtungi wa hewa. Hatua yake ya kwanza hufungwa kwenye mtungi na kuishusha presha ya hewa kutoka bar 200 hivi (bar ni kipimo cha presha) hadi bar 9 au 10 zaidi ya presha ya maji yaliyokuzunguka. Hatua ya pili, ile unayoing'ata mdomoni, huishusha tena mpaka hewa iweze kuvutwa bila taabu. Ukiwa mita 30 chini ya bahari, presha ni mara 4 ya ile ya juu, na kila pumzi hubeba hewa mara 4 ya ile unayoivuta ukiwa umekaa barazani. Kwa hiyo regulata inayopumua vizuri nyumbani kwa muuzaji inaweza kuwa nzito kabisa huko chini, na ile video ya muuzaji anayebonyeza kitufe hewa ikatoka kwa kishindo haithibitishi lolote la maana.

Matangazo ya mtandaoni yana maneno yake: "imetumika mara mbili tu", "ilikuwa ya mke wangu", "imekaa kabatini". Muuzaji huyataja kama sifa, na huenda anasema kweli, lakini mimi huyasoma kama onyo. Kijana mmoja ninayemfundisha aliletewa na shemeji yake kutoka Ulaya regulata ya aina hiyo, inayong'aa kama iliyotoka dukani jana, na tukaipeleka kwa fundi kabla haijagusa maji. Fundi alifungua hatua ya kwanza, akakitoa kichujio kidogo cha chuma kinachokaa mlangoni mwa hewa na kukiweka kwenye kitambaa cheupe. Kilikuwa kimegeuka kijani. Rangi hiyo ni alama ya maji ya chumvi yaliyoingia ndani na kula shaba. Ingekuwa nyekundu ya kutu, lawama zingeuendea mtungi wa chuma uliooza kwa ndani. Kisha akaichokoa oringi ya kwanza, yaani pete ya mpira ya kuzuia hewa isivuje, kwa kijiti, ikamkatikia mkononi. "Mwanangu," alimwambia yule kijana, "hii si kwamba imechoka kwa kazi. Imekauka kwa kulala." Spea zake ilibidi ziagizwe nje kupitia wakala anayetambuliwa na kiwanda, kwa sababu makampuni mengi ya vifaa hivi hayamuuzii spea mtu yeyote tu, na gharama yote ilipojumlishwa ikapita bei ambayo kituo kimoja cha hapa kilikuwa kikiuzia regulata zake za kukodisha.

Hizo za kukodisha ndizo ninazowaelekeza vijana wazitafute. Watu wengi huzikimbia kwa kuwa zimechakaa nje: zimekwaruzwa na namba za rangi zimeandikwa juu yake. Lakini regulata ya kituo kinachojiheshimu husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, na hufunguliwa na fundi kwa ratiba, ambayo viwanda vingi huitaja kuwa mara moja kwa mwaka au baada ya mizamo kama 100, na baadhi huruhusu miaka miwili. Aghalabu pia ni za aina sahili. Regulata za pistoni kama Scubapro MK2 zimeenea katika vituo vya kukodisha duniani kote kwa sababu vipande vyake vinavyosogea ni vichache na fundi huzimaliza upesi. Kwa mtu anayeanza kazi ya kuongoza wageni hapa pwani, regulata ya namna hiyo yenye daftari la sevisi inatosha kabisa, na sioni sababu ya kutamani kubwa kuliko hiyo.

Wakati mzuri wa kuuliza ni Machi na Aprili, kabla vituo havijafunga kwa ajili ya mvua, au mwishoni mwa msimu mkubwa baada ya Oktoba, meneja anapohesabu atakachobadilisha. Nenda mwenyewe, salimia vizuri, na omba kuliona daftari. Pale pale mezani unaweza kufanya jaribio lisilohitaji hata mtungi: funika tundu la kuingizia hewa kwa kifuniko chake cha vumbi, tia regulata mdomoni na uvute. Hewa haitakiwi kuingia hata kidogo. Ikiingia, utando wa ndani au vali ya kutolea pumzi ina tatizo, au mpira wa kung'ata umetoboka. Kisha ikunje mipira ya kupitishia hewa karibu na vifungo vya chuma, hasa ile iliyofunikwa kwa mifuniko ya plastiki, kwa maana nyufa hujificha humo. Mwombe fundi wao aunganishe geji ya presha ya kati kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye jaketi la kuelea. Sindano inatakiwa kupanda hadi kiwango kilichowekwa na kiwanda na kutulia hapo. Ikiendelea kupanda polepole dakika zinavyopita, kiti cha vali ya presha kubwa kimelika, na siku moja itaanza kumwaga hewa yenyewe ukiwa majini. Hilo linarekebishika, lakini lipunguziwe kwenye bei. Mimi hupenda kudai sevisi ndani ya bei yenyewe kuliko kupunguziwa shilingi kadhaa, kwa sababu hapo fundi wao anabaki na dhamana mbele yangu.

Sisemi kwamba kila kinachouzwa karibu ni salama. Wapo watu wanaopita bandarini na ufukweni na mifuko ya vifaa ambavyo fundi ameshavikataa, au ambavyo vimepotea kwenye kituo fulani. Namba ya kifaa imechongwa kwenye hatua ya kwanza, na mara nyingi kwenye ya pili pia. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Ikiwa ipo, vipigie simu vituo vya jirani uwataarifu kwamba unataka kuuziwa hiki na hiki. Jamii ya wazamiaji wa hapa ni ndogo, na jibu hupatikana siku hiyo hiyo.

Upande wa mitungi msimamo wangu ni mkali: usinunue mtungi wa mtumba usioweza kuushika. Mtungi wa kawaida wa alumini tunaoutumia una ujazo wa lita 11.1, uzito wa kama kilo 14, na hujazwa hadi bar 207. Ndege haiupokei mpaka uwe mtupu na vali yake imeondolewa kabisa, na nauli yake peke yake inaweza kukaribia thamani yake. Lakini hata bila nauli, mtungi husomwa kwa macho na kwa mkono. Shingoni pamechongwa alama za kiwanda, presha ya kazi na tarehe za vipimo. Nchini Marekani na Uingereza mtungi hupimwa kwa presha ya maji kila baada ya miaka 5, na ule wa bar 207 wenye alama za Marekani hupandishwa hadi bar 345 kwenye kipimo hicho. Baina ya vipimo hivyo hukaguliwa ndani kwa taa. Tafuta tarehe ya karibuni. Ukikuta mtungi wa alumini wa miaka ya 1970 au 1980, uache, hata ukiwa unapendeza namna gani. Mingi ya wakati huo ilitengenezwa kwa aloi namba 6351, ambayo baadaye ilionekana kupata nyufa shingoni kwa kubeba presha muda mrefu, na baadhi ya mitungi hiyo ilipasuka wakati wa kujazwa. Viwanda vilihamia aloi 6061. Nimemwona mfanyakazi wa kompresa akiurudisha mtungi wa namna hiyo bila hata kuuweka kwenye beseni la maji, na alifanya sawasawa, kwa kuwa anayesimama karibu na mtungi unapojazwa ni yeye.

Mtandao una faida yake, na ni kubwa, kwa vitu visivyohitaji fundi maalumu. Kompyuta ya kuzamia, kile kifaa cha mkononi kinachokuonyesha kina na muda wa mzamo, ni mfano mzuri. Hapa kwetu ni chache na bei yake ya dukani ni ya juu, ilhali huko nje watu huuza za zamani wanapopata mpya. Mwombe muuzaji video akiiwasha na kupitia kumbukumbu za mizamo, ikionyesha kina kikubwa kilichofikiwa na hali ya betri. Pendelea ile unayoweza kuibadilisha betri mwenyewe, kama Cressi Leonardo inayotumia betri ya kidonge ya CR2430, na nunua oringi ya kifuniko pamoja nayo. Tochi, mapezi na visu vinafaa kuagizwa. Suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3 inatosha kwa maji yetu ya nyuzi 25 hadi 29, lakini ya mtumba huwa imebanwa na kina mpaka imepoteza joto lake, na vipimo vya watengenezaji hutofautiana, kwa hiyo ni afadhali uijaribu mwilini. Maski sikushauri ununue bila kuiweka usoni: iweke bila mkanda, vuta pumzi puani, na ikibaki imeshika yenyewe ndiyo saizi yako. Vipande vya risasi vya kujizamishia nunua hapa hapa, maana hakuna mwenye akili timamu atakayelipia nauli ya risasi.

Ukiamua kuagiza regulata mtandaoni, fundi wako akutajie kwanza kampuni na modeli anayoweza kuihudumia, nawe utafute hiyo tu. Angalia pia aina ya kifungo. Wauzaji wengi wa Ujerumani na nchi jirani zake hutumia kifungo cha DIN kinachojiviringa ndani ya vali, wakati mitungi mingi ya kukodisha hapa hupokea kile cha kubana kwa juu. Kigeuzi kipo, lakini kiingize kwenye hesabu. Dai picha ya namba ya kifaa, ya kichujio kwa karibu, na ya risiti ya sevisi ya mwisho. Muuzaji mkweli hatachoka na maswali haya. Anayejibu kwa kukuharakisha, akisema wateja wengine wanasubiri, anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wengi wetu Unguja na Pemba tuna ndugu Maskati au Dubai, ambako maduka ya uzamiaji ni mengi na watu hubadilisha vifaa mara kwa mara. Ndugu huyo hahitaji kujua kuzamia. Mtumie orodha ya mambo ya kutazama, aende kwa muuzaji, alifanye lile jaribio la kuvuta pumzi, na akupigie simu ya video hapo hapo. Naona hii ndiyo njia bora ya kununua mbali, kwa kuwa inakupa bei ya mtandaoni na macho ya dukani.

Katika hesabu, usisahau forodha. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kawaida hutoza ushuru kwa thamani ya kifaa pamoja na nauli na bima, si kwa bei uliyolipa tu, na juu yake huja VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Lipa kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako, kama kadi ya benki au mfumo wa malipo wa soko lenyewe. Fedha uliyomtumia mtu usiyemjua moja kwa moja kwa simu ni vigumu sana kuirudisha.

Jaketi la kuelea nimeliacha nyuma kwa sababu lina uwanja wa katikati: linaweza kutoka popote, mradi ulipime siku linapofika. Lijaze hewa mpaka vali ya usalama ilie, liache usiku kucha, na asubuhi uone limebaki vipi. Mimina maji ndani, litikise, uyamwage. Yakitoka na chembe za chumvi, mwenye nalo hakuwa akilisuuza kwa ndani, na chembe hizo hutoboa mfuko polepole. Kitufe cha kuingizia hewa kibonyeze mara nyingi mfululizo na ukiachie ghafla. Kisiporudi mara moja, usiingie nacho majini kabla hakijafunguliwa, kwa maana kitufe kilichokwama hukupandisha juu kwa kasi ambayo mapafu hayaihimili.

Na kifaa chochote kati ya hivi, hata kilichotoka mkononi mwa fundi unayemwamini, kianzie kwenye maji ya mita 4 au 5, ukiwa na mwenzako mwenye regulata ya akiba, kabla ya kukipeleka kwenye miamba ya kisiwa cha Mnemba au kwenye kuta za chini ya maji za Pemba. Zama dakika za kutosha, jaribu kupumua ukiwa kichwa chini na ukiwa chali, itazame geji kama inashuka taratibu, kisha ukitoka andika tarehe, namba ya kifaa na ulichokiona kwenye daftari jipya, ili fundi awe na pa kuanzia safari ijayo.