Maji hayapandi kwetu Kimara, nifunge pampu ya hosipawa ngapi kwenye bomba la mtaa?

Swali: Injinia shikamoo. Nakaa Kimara, Dar, juu kidogo huku kilimani. Maji yanakuja usiku tu, tena siku za mgao, na yakija ni uzi. Fundi kaniambia nifunge pampu hapohapo baada ya mita ivute kutoka bomba la mtaa, sasa ananiuliza ninunue ya hosipawa moja au moja na nusu. Halafu mtambo wa maji wa Ruvu Juu si ulishapanuliwa, hayo maji yote yanaishia wapi? Au ndo kweli tangu yule mwekezaji afukuzwe mambo yalikufa?

Jibu: Marahaba dada. Usinunue ya moja wala ya moja na nusu, na huyo fundi mwambie asubiri kwanza.

Nianze na la mwekezaji tulimalize maana kila wiki naulizwa. City Water, kampuni binafsi iliyopewa kuendesha maji ya Dar, walianza Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10, Mei 2005 serikali ikauvunja, ikaja DAWASCO, shirika la serikali, na 2018 DAWASCO ikarudishwa ndani ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Shida ya maji Dar ilikuwepo kabla hajaja, ndo maana akaletwa, kwa hiyo tusimpe sifa wala lawama zisizo zake.

Sasa hilo la mtambo ndo linanichosha. Watu wanasikia kwenye habari Ruvu Juu imetoka lita milioni 82 kwa siku mpaka milioni 196, wanadhani hizo lita ziko kwenye bomba lao wanazuiwa tu. Dada, hiyo 196 ni uwezo wa mtambo, pale Mlandizi. Kutoka pale maji yanasukumwa mpaka matenki ya Kibamba ndo yashuke Kimara na kuendelea mjini, na njiani Kibaha, Kiluvya, Mbezi wote wanakunywa humohumo. Ruvu Juu ni ya 1959. Mtambo wa pili, Ruvu Chini, ukaja 1976, na sensa ya 1978 Dar nzima ilikuwa na watu laki nane na kitu. Sensa ya 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Na hao wote hawakwenda kujenga bondeni ambako maji yanateremka yenyewe, wamepanda milimani, viwanja vikapimwa au havikupimwa, nyumba zikaota, halafu ndo bomba likaanza kuwafuata kwa nyuma, mahali pengine bomba la inchi mbili lililowekwa kwa ajili ya nyumba chache leo linalisha mtaa mzima. Mtambo unaweza kujaa mpaka kumwagika na wewe wa juu usipate tone kwa sababu presha imeliwa na waliokutangulia. Kila mita 10 za kupanda zinakula kama ba moja (ba ni kipimo cha presha), na hiyo haijali ulilipa bili au hukulipa.

Kwa hiyo fundi anapokuambia pampu "italeta maji", mwulize italeta kutoka wapi. Kama bomba la mtaa lina maji kidogo, pampu yako inachukua ya jirani wa juu yako, naye kesho atanunua kubwa kuliko yako, mwisho mtaa mzima mna pampu na maji ni yaleyale. Kama bomba halina maji kabisa inavuta hewa, mita inazunguka unalipia upepo, na sili ya pampu inaungua.

Lakini hayo ni ya hela tu. Kinachonikera zaidi hakuna fundi anayekisema. Nenda kaangalie mipira inayoingia nyumba za mtaani kwenu, imefungwa kama mzigo wa kuni, inapita ndani ya mtaro, viungio vimekazwa kwa raba ya tairi. Maji yakiwa na presha kiungio kibovu kinavuja kwenda nje, unaona tu pana unyevu. Ukiwasha pampu presha ndani ya mpira inashuka chini ya ile ya nje, kiungio kilekile kinageuka mdomo, kinafyonza maji ya mtaro, na huo mtaro una maji ya choo cha mtu. Ndo maana wenye pampu wanasema "yanatoka ya kahawia kwanza halafu yanatakata". Yakitakata haimaanishi ni salama. Klorini inayobaki kwenye maji ya bomba inatakiwa kuwa kama miligramu 0.2 mpaka 0.5 kwa lita, hiyo ni ya kulinda maji safi yakiwa njiani, haiwezi kupambana na maji ya choo. Na haya hayaishii kwako, pampu ikizimwa uchafu umeshaingia kwenye laini, anakunywa na mwenye mtoto mchanga nyumba ya tatu ambaye hata pampu hana. Kipindupindu cha 2015 kilianzia Dar hiihii, jamani.

Cha kufanya ni hiki. Weka tanki chini, sehemu ya chini kabisa ya kiwanja chako, maji ya mgao yaingie yenyewe usiku kwa presha yake hiyohiyo ya uzi, uzi wa usiku kucha unajaza lita nyingi kuliko unavyodhani. Weka boya lifunge likijaa, na mdomo wa bomba uwe juu ya maji, usizame, ili yasirudi mtaani presha ikikata. Kutoka tanki hilo ndo uweke pampu ipeleke tanki la juu, na kwa nyumba isiyo ya ghorofa nusu hosipawa inatosha kabisa. Kipande cha mpira kinachopita mtaroni kihamishwe au kiwekwe ndani ya bomba gumu kabla hujafanya lolote.

Na nyie wengine mnaosoma, wa Goba, Mbezi, Kinyerezi, nawajua mna fundi kama huyu. Wengi ni vishoka, wanavaa kizibao cha kung'aa wanabeba spana, wanakuunganishia kinyemela usiku kwenye bomba kubwa, wanakata bila valvu, wanaacha tundu limefungwa kwa kipande cha tyubu. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na mgao ukakaza, hawa ndo walioneemeka, kila mtu anataka "achomekewe". Maunganisho halali yanalipiwa kwa kontro namba ya mamlaka, hayapokelewi mkononi wala kwa namba ya simu ya mtu, na mpimaji anakuja mchana anaandika mita yako ina namba gani. Anayetaka nusu ya hela sasa hivi na nusu maji yakitoka, hata bomba analokutobolea hajui lina inchi ngapi.