Jibu: Miaka 19 amechelewa raga?

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako wa Kirumba, Mwanza, miaka 19 na mwili wa kutisha, anaweza kuondoka na kutoboa kama yule "Beast" wa Afrika Kusini. Kwa umri, bado hajachelewa. Ila watu wanaisoma nusu tu ile stori.

Huyo "Beast", jina lake Tendai Mtawarira, alizaliwa Harare mwaka 1985, na raga aliijua tangu shuleni kwao Zimbabwe. Alipohamia Durban kwenye akademi ya klabu ya Sharks, hakwenda kuanza moja. Huko ndiko walikomtoa nyuma ya skramu (pale wachezaji wanane wa kila timu wanapoinama na kusukumana) wakamweka mstari wa mbele kabisa, propu, na ndiko alikotengeneza jina: mechi 117 za Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, kuanzia 2008 hadi fainali ya Kombe la Dunia 2019 walipoichapa England 32-12. Uraia wenyewe aliupata 2010, baada ya maneno mengi.

Sasa dogo. Kubeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni kunajenga mgongo, sikatai. Lakini propu anainama, kichwa na mabega vinakabana na vya wapinzani, wenzake watano wanasukuma kutoka nyuma. Asiyefundishwa hiyo anavunjika shingo, sitanii.

Mpeleke Kisumu kwanza, kupitia mpaka wa Sirari ni basi tu. Kuna klabu, kuna mashindano ya Dala Sevens (raga ya wachezaji saba), makocha wanaojua kazi. Na wakala yeyote anayedai hela ya "majaribio Ulaya", mblock.