Goti Limelia "Paa"? Dogo, Usichuliwe

Jumamosi nimecheza kikapu dakika 14. Najua kwa wengi ni kitu kidogo, ila kwa miezi 19 sikuwa nimevaa jezi, kwa hiyo nitaringa kidogo, mnivumilie. Pointi 8, asisti 5, na yule kijana waliyemleta kunikimbiza aliishia kulalamika kwa refa.

Narudi nyumbani nakuta ujumbe wa dogo mmoja wa Mwanza: "Braza, nimetua vibaya nikasikia goti linalia paa. Limevimba. Mama anasema nipelekwe kwa mzee wa kuchua. Nitarudi kucheza kweli?"

Dogo, usichuliwe. Hilo ni la kwanza, la pili na la tatu. Mimi nilichuliwa. Nilitua juu ya mguu wa mtu nikigombea rebaundi pale Kidongo Chekundu, Dar, kesho yake shangazi akaniletea mzee na chupa ya mafuta ya nyonyo. Wiki tatu anavuta, anakandamiza, nami nimeng'ata taulo. Tulipochangishana tukapata hela ya MRI, kile kipimo cha picha ya ndani ya goti, ACL, ligamenti inayoshika mifupa katikati ya goti, ilikuwa imekatika kabisa na gegedu nalo limechanika. Daktari aliitazama picha, akaniuliza: "Nani alikuwa anakushika hapa?"

Upasuaji na magongo naviruka. Ni kulala na kulia tu.

Kilichoniuma zaidi ya goti ni timu. Siitaji, wenyewe wanajijua. Kocha alikuja mara moja na juisi ya boksi. Mwezi wa pili nikajikuta nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp, kimya kimya, kama mtu aliyefariki.

Ndipo nikaanza kukesha na video za Shaun Livingston. Wengi wenu mnamjua kama mzee wa akiba wa Golden State, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani. Huyu Clippers, nao wa NBA, walimchukua mwaka 2004, chaguo la nne kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, moja kwa moja kutoka sekondari. Mita 2 na anachezesha timu! Tarehe 26 Februari 2007, akiwa na miaka 21, alikosa lei-apu, ule mtupo wa chini ya goli, ya kawaida kabisa dhidi ya Charlotte, akatua, goti likapinda kwenda upande. Ligamenti tatu na gegedu kwa mpigo mmoja. Madaktari walimwambia mguu wenyewe huenda ukakatwa. Ile video nimeitazama mara moja, sirudii.

Alijifunza kutembea upya. Aliporudi uwanjani, timu zilimchukua na kumwacha, akashuka hadi ligi ndogo kule Tulsa. Golden State walimsajili 2014, akachukua ubingwa 2015, 2017 na 2018.

Sasa tazameni alivyokuwa anacheza huko. Kuruka kwa zamani hakukuwepo tena, na mitupo ya pointi tatu alikuwa karibu haigusi. Anampa mgongo gadi mfupi anayemkaba, anamsogeza taratibu hadi karibu na mstari wa adhabu, anageuka, anatupa juu ya kichwa chake. Kila siku hivyo hivyo, na hawakumweza.

Mimi nilikuwa mtu wa kupenya. Sasa nampa mtu mgongo. Pointi 6 kati ya zile 8 zimetoka hapo, na naziona tamu kuliko danki zote nilizowahi kupiga. (Zilikuwa mbili.)

Kwa hiyo dogo, nenda hospitali, barafu, mguu juu. Ukifanyiwa upasuaji, usikimbilie uwanjani: mtaalamu wangu wa mazoezi tiba alinikataza mechi kabla ya miezi tisa, na kabla paja la mguu mbovu halijakaribia nguvu za lile zima. Mazoezi yenyewe yanachosha akili, kunyanyua mguu tu, mara 30, mara 30, jirani anakuona umechanganyikiwa. Fanya. Vijana mnataka mtelezo, mnataka kupona kwa maombi na bandeji. Nasema vijana, na mimi nina miaka 27. Lakini nimeona wenzangu wawili wamerudi mwezi wa tano baada ya upasuaji na leo wanashuka ngazi kwa kushika ukuta. Na usichuliwe.

Jumapili asubuhi kocha wa ile timu amenitumia ujumbe: "Karibu mazoezini Jumanne, bingwa," na kidole gumba. Leo Alhamisi. Ameshaona nimesoma.